KUWALISHA NDEGE WAKATI WA THELUJI

Mkulima anayeshinda shambani akiwafukuza ndege kwa kombeo hapana shaka atastaajabu kusikia ya kuwa watu wengi wa Uingereza hununua mbegu madukani ili kuwapa ndege wa porini bure. Lakini desturi hiyo ina sababu yake.

Katika nchi ile, siku za mwisho wa Desemba ni fupi mno. Mjini London mchana haufiki saa 8, na usiku hupita saa 16. Wadudu huadimika, na ardhi ikiganda kwa baridi minyoo haipatikani. Mbayuwayu huhama mapema wakaenda hata Afrika ya Kusini, lakini ndege wengi wadogo hubaki. Mmoja wao, mwenye rangi ya samawati na manjano, ana uzito wa gramu 11 hivi tu. Mafuta anayoyaweka mwilini mchana huyatumia usiku ule ule kujipasha moto. Asipopata chakula siku ya pili, maisha yake yamo hatarini. Baridi kali iliyoanza mwishoni mwa Desemba 1962 na kuendelea hata Machi 1963 iliua ndege wadogo wengi sana.

Kwa sababu hiyo chakula kinachofaa ni kile chenye mafuta mengi. Huchukuliwa shahamu, yaani mafuta magumu yanayozunguka figo za ng’ombe, ikayeyushwa kwa moto mdogo. Kisha kwa sehemu 1 ya shahamu hutiwa sehemu 2 za mbegu za alizeti, mtama na nafaka nyingine kavu. Mchanganyiko huo humiminwa katika kifuu cha nazi, na ukisha kuganda hutundikwa mtini, mahali paka asipoweza kufika. Maji nayo ni lazima, kwa kuwa madimbwi huwa yameganda.

Viko vitu visivyofaa. Chumvi huwadhuru ndege, na mafuta yaliyobaki katika sufuria ya kukaangia nyama hushikamana na manyoya yao. Karanga zilizoota kuvu zaweza kuwa na sumu. Sumu ya namna hiyo hiyo, iliyokuwamo katika mahindi, iliua watu zaidi ya 100 nchini Kenya mwaka 2004, hasa katika wilaya za Makueni na Kitui.

Lakini jambo kubwa kuliko yote ni usafi. Tangu mwaka 2005 ugonjwa wa koo umewaua chiriku wa kijani wa Uingereza kwa wingi. Ndege mgonjwa hushindwa kumeza, huitema mbegu ikiwa na mate yake, na mwenziwe akija kuila huambukizwa. Mahali ndege wengi wanapokusanyika kula pamoja, ugonjwa huenea upesi. Mwaka 2021 chiriku hao walitiwa katika orodha ya ndege walio katika hatari kubwa nchini humo. Basi yafaa vyombo vioshwe kila juma, mabaki yatupwe, na ndege wagonjwa wakionekana, chakula kiondolewe kwa muda ili ndege watawanyike.

Fundisho hili lamfaa hata mfugaji wa kuku: chombo kichafu chaweza kuua wale ambao mwenye nyumba alikusudia kuwaponya na njaa.