Inglis: Maghala yabaki, treni yaondoka

KATIKA kijiji cha Inglis, jimbo la Manitoba nchini Kanada, maghala marefu ya mbao bado yamejipanga kando ya njia ya reli ya zamani. Kinachokosekana ni treni.

Reli ilifika mwaka 1922, na ujenzi wa maghala ukaanza. Mkulima aliingiza gari lake juu ya mizani, ngano ikapimwa na kupangiwa daraja, kisha ikamwagwa shimoni. Ukanda wenye ndoo uliipandisha hadi juu, na kutoka huko ikateremka yenyewe hadi kwenye behewa. Ghala la kawaida la aina hiyo lilichukua kama busheli 30,000, yaani zaidi ya magunia 8,000 ya kilo 100.

Vituo vilikuwa karibu karibu ili mwenye mkokoteni wa farasi aweze kwenda na kurudi siku moja. Mwaka 1933 nyanda za magharibi ya Kanada zilikuwa na maghala zaidi ya 5,700. Yanayofanya kazi sasa ni mamia machache.

Hesabu iliyoviponza vijiji vingi ni ya nauli. Tangu mkataba wa Crow's Nest wa mwaka 1897, nauli ya nafaka ilidhibitiwa, na baadaye serikali ikaichangia kwa ruzuku. Agosti 1995 ruzuku hiyo ilifutwa, wenye mashamba wakalipwa kwa mkupuo mmoja dola za Kanada bilioni 1.6. Mwaka huo huo njia ya Inglis ikafungwa. Kampuni zilijenga maghala ya zege yanayojaza treni ya mabehewa 100 kwa mpigo, na mkulima akabaki kusafirisha kwa lori hadi huko.

Bei ya ngano hupangwa na soko la dunia. Anachopata mkulima ni bei ya bandarini ikishatolewa gharama za njiani. Anayenunua mahindi Sumbawanga kwa soko la Dar es Salaam anaijua hesabu hiyo: kilomita zikiongezeka, anayekatwa ni mkulima.

Maghala ya Inglis sasa ni eneo la historia la taifa, na wageni huja kuyatazama. Lakini mgeni hupita mara moja. Mwenye ngano alirudi kila mavuno, na akingoja zamu ya mizani alinunua sukari na misumari hapo hapo. Anayetaka kufungua duka kando ya stesheni na aulize kwanza: nani analipa nauli, na hadi lini?