Machakos na Mto wa Mchanga

Sisi watu wa pwani tukiambiwa mji fulani una mto, hutarajia kuona maji. Tulipoteremka mtoni nje ya mji wa Machakos wakati wa kiangazi, tuliona mchanga mtupu, na mama mmoja amepiga magoti kando ya shimo akichota maji kwa kata, huku akingoja yajae tena.

Mji huu si mgeni kwetu. Jina lake linatokana na Masaku, mzee wa Kikamba, na misafara ya Wakamba ilileta pembe za ndovu Mombasa zamani kabla ya reli. Waingereza waliufanya makao ya utawala. Reli ikaupita kando, ikafika Nairobi mwaka 1899, nao wakauhama. Soko halikuhama. Kunde, mbaazi, maembe na vyondo bado huuzwa hapo, na mashamba yanayolisha soko hilo yana kiu.

Mchanga ule ndio mtungi wao. Mvua ikinyesha, mto hufurika kwa muda mfupi, kisha maji hujificha chini ya mchanga, mahali ambapo jua haliyakaushi upesi. Wakamba hujenga kuta za mawe na saruji kukatiza mito hiyo, mchanga ukajikusanya nyuma yake na maji yakadumu miezi. Wakati huohuo malori huuzoa mchanga kwenda kujengea majumba ya Nairobi. Vijana wanaopakia hatuwalaumu sana, kwani nao wanatafuta riziki. Lakini mwenye kuuchimba hadi kwenye mwamba ameuza mtungi wa jirani yake. Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kuwa watu ni washirika katika maji, malisho na moto, basi biashara hiyo hatuoni jina la kuipa ila dhulma.

Wala tusidhani ni mambo ya bara. Mto Athi unaopokea maji ya nchi hiyo hushuka ukiitwa Galana, kisha Sabaki, ukamwagika baharini kaskazini ya Malindi. Ule wekundu wa bahari ya Malindi baada ya mvua, wanaoulalamikia wavuvi wetu, ni udongo wa huko juu. Wakulima wa Machakos huuzuia kwa matuta waliyoyapa jina la Kiswahili, “fanya juu”: huchimba mtaro na kuutupa udongo upande wa mlimani. Kila tuta linaloshika huko hupunguza tope linalofika kwetu.