Lawama na Mapatano Baada ya Vita vya Majimaji

Watu wawili wakigombana, kila mmoja husimulia ugomvi kuanzia pale alipopigwa yeye. Pale alipopiga hapataji. Ndivyo ilivyo kwa makabila na kwa dini pia. Basi tutazame vita vilivyopigwa katika nchi hii ya Ruvuma, tupate kujua jinsi lawama ipasavyo kupimwa, na jinsi watu waliotengwa na damu wawezavyo kupatana.

Ukitoka Mbinga na kushika njia ya Songea, utapita Kigonsera, kisha utafika njia panda ya Peramiho. Huko Peramiho Padri Cassian Spiss, Mbenedikto, alianzisha misheni mwaka 1898. Nchi ilikuwa ya Wangoni, na mmoja wa watawala wao alikuwa Nkosi Mputa bin Gwazerapasi Gama. Mputa alikuwa na kijumba cha kuwaheshimu mahoka, yaani roho za wazee waliokufa. Padri mmoja wa misheni akakitia moto kijumba kile. Kwa padri ilikuwa nyumba ya ushirikina. Kwa Mputa ilikuwa mahali pa baba zake. Huo ndio moto wa kwanza.

Mwezi wa Julai mwaka 1905 vita vya Majimaji vilianza Umatumbi, upande wa Kilwa. Watu walikuwa wamechoshwa na kodi, na kiboko, na kulimishwa pamba kwa nguvu na serikali ya Wadachi. Walipewa maji ya dawa, wakaamini kwamba risasi hazitawadhuru. Tarehe 14 Agosti Cassian Spiss, ambaye sasa alikuwa askofu, aliuawa safarini katika nchi ya Liwale, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Hawakuwa askari, wala hawakumwua mtu. Mwezi wa Septemba vita vilipokwisha kufika Ungoni, misheni ya Peramiho ilichomwa. Huo ndio moto wa pili.

Moto wa tatu uliwashwa na serikali ya Wadachi, nao uliishinda mioto ile yote. Majeshi yao yalichoma vijiji, na maghala, na mazao mashambani. Tarehe 27 Februari 1906 walinyonga wakuu wa Wangoni zaidi ya 60 hapo Songea, Mputa akiwa mmoja wao, wakawazika katika kaburi moja. Baadhi yao walibatizwa kabla ya kufa. Nduna Songea Mbano, ambaye mji wa Songea umeitwa kwa jina lake, alinyongwa siku chache baadaye, na kichwa chake kikachukuliwa. Kisha njaa ikaingia, ikaua watu wengi kuliko bunduki. Wadachi walikadiria waliokufa katika vita vyote kuwa 75,000. Wataalamu wengi wa historia husema walifika 200,000 hata 300,000.

Sasa, ni nani wa kulaumiwa? Wako waliosema, "Wapagani waliwaua watumishi wa Mungu." Wako waliosema, "Wakristo walikuja kuharibu mila zetu." Kila neno kati ya hayo lina kipande cha kweli, na kila moja laficha kipande kingine. Askofu hakuuawa Ungoni. Basi kumlaumu kila Mngoni kwa damu yake ni uongo. Kijumba cha mahoka kilichomwa na padri mmoja. Kuwalaumu Wakristo wote kwa tendo lile ni uongo vile vile. Tena katika jeshi la Wadachi askari wengi walikuwa Waafrika. Nao Wangoni, kabla ya Wadachi kuja, walikuwa wamewashambulia na kuwateka jirani zao. Wamatengo wa Mbinga walikimbilia milimani, na huko wakalima kwa mashimo yao ya ngoro, ambayo hata leo tunayaona.

Hapa twajifunza jambo la kwanza: lawama huwekwa juu ya tendo na juu ya mtendaji, haiwekwi juu ya kabila zima wala dini nzima. Jambo la pili ni kwamba makosa yote yatajwe, lakini yasifanywe kuwa sawasawa. Mwenye kuchoma kijumba alikosa. Mwenye kumwua asiye na silaha alikosa zaidi. Serikali iliyochoma chakula cha watoto ilikosa kosa kubwa kuliko yote.

Baada ya vita mapadri walirudi Peramiho, wakajenga tena. Watoto wa watu waliopigana waliingia katika shule zao, na wengi wakawa Wakristo. Kanisa kubwa la abasia lilijengwa katika miaka ya 1940. Lakini kukaa pamoja si kupatana kamili. Wahenga walisema, mwenye kovu usidhani kapoa. Kaburi la Songea halikusahauliwa. Makumbusho ya Majimaji yalifunguliwa hapo mwaka 1980, na mashujaa hukumbukwa kila mwaka tarehe 27 Februari.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea. Aliomba msamaha kwa mambo ambayo Wajerumani waliyatenda, akaahidi kusaidia kukitafuta kichwa cha Nduna Songea. Rais huyo alizaliwa mwaka 1956, hakumnyonga mtu. Mbona basi aliomba msamaha? Kwa sababu alisema kwa niaba ya nchi yake, na nchi haifi pamoja na watu wake. Hili ndilo jambo la tatu: lawama hairithiwi, lakini deni hurithiwa. Mtoto hana hatia ya babaye. Lakini akikuta nyumbani kitu cha jirani, sharti akirudishe.

Mtu atakaye mapatano ya kweli na aanze na moto uliowashwa na watu wake mwenyewe. Akisha kuutaja huo, jirani yake atapata nguvu ya kutaja wake.

Maswali

1. Mahoka ni nini? Kwa nini Mputa alichukizwa?
2. Taja mioto mitatu iliyosimuliwa. Upi ulileta hasara kubwa kuliko yote?
3. Eleza maana ya maneno haya: "Lawama hairithiwi, lakini deni hurithiwa."
4. Waulize wazee wa kwenu: watu waliogombana hupatanishwaje?