Wazee wetu na kuanguka: tusiwapumzishe mpaka wakadhoofika

Ndugu zetu wasomaji, Ijumaa hii tumeona tulizungumze jambo linalotokea ndani ya nyumba zetu, ambalo kwa kawaida tunalipa jina la kadari kisha tukanyamaza. Nalo ni kuanguka kwa wazee. Hatuna ubishi kwamba kila limpatalo mja limekwisha andikwa. Lakini sisi ndio tuliofundishwa kumfunga ngamia kwanza, ndipo tutegemee.

Hapa Mlowo, wilayani Mbozi, mazingira yenyewe hayamhurumii mzee. Wakati wa mvua udongo huteleza kama sabuni. Juni na Julai asubuhi huwa na baridi inayokakamaza viungo, na avukaye barabara kuu iendayo Tunduma hana budi kuharakisha mbele ya malori. Katika nyumba nyingi choo na mahali pa kutawadhia pako uani, na sala ya alfajiri humtoa mzee ndani kungali giza, kandambili zimelika, saruji imelowa.

Bibi mmoja jirani yetu, aliyepita miaka 70, alikuwa mtu wa shamba, mchumaji wa kahawa tangu usichana wake. Siku moja aliteleza akiteka maji, wala hakuumia. Wanawe, kwa mapenzi, wakapitisha amri: mama asishike jembe, asiteke maji, asisonge ugali, akae kitini aletewe kila kitu. Hata udhu akawa anamiminiwa maji hali amekaa. Sisi majirani tuliwasifu mno watoto wale, tukawatolea mfano kwa watoto wetu. Yapata miaka miwili baadaye, katika msimu wa kuvuna kahawa, nyumba ilibaki na watoto wadogo tu. Bibi akasikia adhana ya adhuhuri, akainuka mwenyewe kwenda kutawadha. Magoti yakakataa. Alivunjika nyonga, na tangu siku ile hakusimama tena kwa miguu yake.

Tumelitafakari sana tukio hili, na tumefikia mahali pagumu kusema: bibi yule hakuangushwa na saruji peke yake. Aliangushwa pia na kile kiti.

Tueleze tunakusudia nini. Mwili wa binadamu husimama kwa ushirikiano wa macho, sehemu ya ndani ya sikio, hisia za nyayo na viungo, pamoja na misuli ya mapaja, nyonga na vifundo vya miguu. Umri hupunguza kila kimoja katika hivyo. Lakini misuli isiyotumika hupungua upesi zaidi, na mzee akilazwa kitandani hata kwa majuma machache hupoteza nguvu ambazo kuzirudisha ni kazi ndefu. Kisha huja hofu. Aliyewahi kuteleza huogopa kutembea. Kwa kuogopa hakai ila kitini. Kwa kukaa kitini miguu hudhoofika. Na miguu iliyodhoofika ndiyo imwangushayo. Familia inapoiunga mkono hofu hiyo kwa jina la heshima, mzunguko unakamilika.

Si jambo dogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na waliopita miaka 60 ndio wanaokufa zaidi. Zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama yetu.

Sasa dawa yake. Huko New Zealand, watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago walitunga mazoezi ya kufanyiwa nyumbani, wakayajaribu kwanza kwa akina bibi wa miaka 80 na kuendelea, na matokeo wakayachapisha mwaka 1997. Majaribio yao yalipojumlishwa baadaye, ilionekana kwamba kuanguka kulipungua kwa kiasi cha asilimia 35. Mwaka 2019 wataalamu wengine walikusanya majaribio 108 kutoka nchi mbalimbali, yenye watu zaidi ya 23,000, wakaona mazoezi hupunguza kuanguka kwa takriban asilimia 23. Wala mazoezi yenyewe si ya viwanja vya michezo. Mzee huketi kwenye kiti imara kilichoegemezwa ukutani, akainuka bila ya kujisukuma kwa mikono, akaketi tena taratibu, akarudia. Akishika meza hunyanyua visigino, kisha husimama kwa mguu mmoja akihesabu hadi kumi. Hutembea kiubavu kando ya ukuta. Hutembea kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mguu wa pili, kama apitaye juu ya ubao mwembamba. Aliyezoea hufungiwa kifuko cha mchanga kwenye kifundo cha mguu, akawa anaunyoosha akiwa kitini. Mara tatu kwa wiki, na kuongeza kidogo kidogo kadiri nguvu zinavyorudi.

Hapa wengi hutujibu: baba yetu huenda msikitini kwa miguu kila siku, yatosha. Kutembea kuna kheri nyingi kwa moyo na sukari, lakini utafiti haujathibitisha kwamba kutembea peke yake kunazuia kuanguka. Kinachohitajika ni mwili kufundishwa kujizuia pale unapoyumba. Wengine husema sala yatosha, kwa kuwa ina kuinuka na kuinama. Ni kweli kwamba mwenye kuinuka kutoka sijida mara nyingi kwa siku ana mazoea mema ya magoti, lakini sala ni ibada, tusiigeuze tiba. Aliyekwisha shindwa kusimama ana ruhusa ya kusali ameketi, na asionewe. Ila tunauliza: ni wangapi wamehamia kwenye viti kabla ya wakati wao, kwa kuwa tu hakuna aliyewasaidia kuimarisha mapaja?

Tahadhari zipo. Mwenye kizunguzungu, maumivu ya kifua au aliyevunjika karibuni aonwe kwanza na daktari. Anayetumia dawa za shinikizo la damu aketi kidogo ukingoni mwa kitanda kabla ya kusimama. Macho yapimwe, maana mtoto wa jicho huficha kizingiti. Wakati wa mazoezi awepo mtu karibu, asimame upande, asimshike mkono kama mtoto. Akina mama wasiopenda kuonekana wana ua wao na vyumba vyao; kiti na ukuta vyatosha. Na kwa gharama ya taa moja na kipande cha mbao cha kushikia ukutani, mahali pa kutawadhia hubadilika kabisa.

Mdogo wake bibi yule, naye mjane mwenye umri mkubwa, alianza mazoezi ya kiti mwaka huu baada ya kuona yaliyompata dada yake. Siku ya kwanza aliinuka mara tatu, akasema inatosha. Sasa hufika tisa. Mjukuu wake wa darasa la pili ndiye mhesabuji, na mara nyingi, kwa makusudi, hurudia namba saba mara mbili.