Ratiba ya mtahiniwa wa Pugu

Wiki hii, ndugu msikilizaji, nataka tuzungumze na wale waliokwisha kuacha shule siku nyingi, wana kazi, wana familia, na sasa wameamua kurudi kwenye vitabu ili wafanye mitihani ya uhasibu. Wako wengi. Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972, hutahini mara mbili kwa mwaka, yaani Mei na Novemba. Ngazi zake za mwanzo ndizo mlango wa taaluma hiyo kwa karani wa stoo, kwa mtunza fedha wa duka, hata kwa mwenye shahada ya fani nyingine kabisa.

Watu hawa hawakosi bidii. Wanachokosa ni hesabu ya saa, na ajabu ni kwamba wenyewe wanataka kuwa wahasibu.

Chukua mfano wa karani anayefanya kazi Kariakoo na kulala Pugu. Pugu iko umbali wa kilomita zipatazo 20 kutoka katikati ya jiji, lakini mkazi wa huko hahesabu kilomita. Anahesabu Gongo la Mboto, Ukonga, Banana, Uwanja wa Ndege, Tazara, na foleni ya kila mahali. Treni ya abiria ya Pugu iliyoanzishwa mwaka 2016 iliwapa watu ahueni, ila daladala ni daladala. Karani wetu anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, anafunga hesabu za stoo saa kumi na moja jioni, na anavua viatu saa mbili za usiku. Ale, aoge, asikilize habari za watoto. Imefika saa tatu.

Mtu huyu akiandika ratiba, ataandika nini? Nimeziona ratiba za namna hiyo zimebandikwa ukutani, zimepigwa mistari kwa rula na wino wa rangi mbili. Saa tatu hadi saa sita usiku, kila siku, Jumatatu hadi Jumapili. Jumla saa 21 kwa wiki! Ratiba hiyo haimalizi wiki mbili.

Wala tusiwacheke, maana kujidanganya kwa namna hii ni tabia ya binadamu. Mwaka 1994 watafiti watatu wa Kanada walichapisha utafiti uliowahusu wanafunzi 37 waliokuwa wakimalizia tasnifu zao. Kila mmoja aliulizwa atamaliza baada ya siku ngapi. Kwa wastani walisema siku 34. Walimaliza kwa siku 55 na zaidi. Na hao ni watu ambao kusoma ndiyo ilikuwa kazi yao.

Sasa tupige hesabu ya kweli. Usiku wa siku ya kazi, mtu aliyeamka saa kumi alfajiri ana saa moja ya akili timamu, si tatu. Siku tano, saa tano. Jumamosi alasiri saa tatu, Jumapili baada ya ibada saa tatu. Jumla ni 11. Toa msiba, toa kikao cha harusi, toa mgeni kutoka mkoani, toa umeme. Wanaokumbuka mgao wa 2006 na ule wa 2011 watanielewa. Inabaki wastani wa saa nane kwa wiki.

Akianza katikati ya Julai kwa ajili ya Novemba, ana wiki 16 hivi. Mara nane, ni saa 128. Tuseme masomo yanayomkabili ni matano: kila somo linapata saa zisizozidi 26. Je, zinatosha kwa mtu aliyeliacha darasa miaka 12 iliyopita? Kwa maoni yangu hazitoshi, labda kwa somo analolifanya kila siku kazini. Lakini akilenga Mei ya mwaka unaofuata, ana wiki zaidi ya 40. Kila somo linapata saa zaidi ya 60, kwa saa zilezile nane za wiki, bila kukesha.

Hapa ndipo penye ugomvi. Kijana amekwisha kuwatangazia watu kazini kwamba anafanya Novemba. Ada ameipata kwa mkopo wa kikundi. Kungoja Mei kwake ni aibu. Mimi nasema aibu hiyo ni nafuu kuliko kulipa ada mara mbili, na mkopo wa kikundi haumngojei aliyefeli.

Liko pia suala la lugha, ambalo ratiba nyingi hulisahau. Karani wa Kariakoo anajua mali kauli ni nini kuliko mwalimu wake. Anajua ni nani analipa na ni nani anakimbia, na anajua lini deni lifutwe. Lakini mtihani unataka ayaandike hayo kwa Kiingereza, kwa sentensi zinazofuatana, saa inakwenda. Kusoma kitabu cha Kiingereza na kukielewa hakumfundishi mtu kuandika. Kwa hiyo katika zile saa nane, angalau mbili ziwe za kalamu na karatasi tupu, kitabu kimefungwa.

Na kufunga kitabu kuna faida nyingine. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke, watafiti wa Marekani, waliwapa wanafunzi habari ya kusoma. Kundi moja liliisoma tena, kundi jingine liliandika lilichokumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika tano waliosoma tena ndio waliong'ara. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma asilimia 42. Ndiyo maana mtu hutoka kwenye kitabu usiku akijiona amekimaliza, akaja kuduwaa mbele ya karatasi.

Kwa mkazi wa Pugu hiyo ni habari njema, kwa sababu kujipima hakuhitaji meza. Huwezi kufungua kitabu ukiwa umening'inia mlangoni mwa daladala, lakini unaweza kujiuliza hatua za kusawazisha hesabu za benki kuanzia Banana hadi Tazara, na ulipokwama ukapatazama jioni. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 palikuwa na mwalimu wa Pugu aliyekuwa akienda mjini na kurudi kwa shughuli za chama huku akifundisha Mtakatifu Fransis, hadi mwaka 1955 alipotakiwa kuchagua moja, akaacha ualimu. Karani wetu hana nafasi ya kuacha kazi kama Julius Nyerere. Barabara anayo.

Wiki sita za mwisho zibadilike. Bodi huchapisha maswali ya mitihani iliyopita pamoja na majibu yake. Jumapili moja, keti saa tatu mfululizo na karatasi moja nzima. Dakika 180 kwa alama 100 maana yake ni dakika 36 kwa swali la alama 20. Zikiisha, acha, nenda swali linalofuata hata kama mizania haijakaa sawa. Watoto waende kwa shangazi siku hiyo. Mkubaliane na mwenzako nyumbani mapema, si asubuhi ile ile.

Wapo pia wanaohamia kwa ndugu Ilala au Buguruni wiki ya mtihani ili wakwepe foleni ya alfajiri. Ni mpango mzuri, ila mwarifu mwenyeji wako tangu mwezi uliotangulia, na umuulize kama jirani yake hana ngoma wiki hiyo.