Kaitaba bila lenzi nyeupe: DSLR ya zamani bado ina mechi miguuni?

BUKOBA. Simba au Yanga walipokuwa wanakuja Kaitaba, nyuma ya goli palikuwa hapatoshi hata kuweka kigoda. Wapiga picha waliosafiri na timu walijipanga na lenzi zao nyeupe, ndefu kama bazuka, na vijana wa Bukoba wenye kamera ndogo wakawa wanachungulia kwenye upenyo uliobaki.

Msimu wa 2024/25 ulipoisha na Kagera Sugar wakashuka daraja, lenzi nyeupe ziliondoka pamoja na Ligi Kuu. Waliobaki uwanjani ni walewale wa kwenye upenyo. Leo Wanankurukumbi wakifunga bao, wakikosa penalti au dogo wa miaka 18 akipiga chenga ya kuinua jukwaa, ushahidi uko kwenye kamera zao au haupo kabisa. Shuka Muleba kwenye ligi za kata, hali ni hiyohiyo mara mbili. Dogo anayetaka kwenda majaribio Mwanza au Dar anaulizwa kitu kimoja kwanza: una picha, una video?

Ndiyo maana swali linalozunguka kwa wapiga picha wa huku si dogo. Je, mtu aendelee kukomaa na DSLR yake ya zamani, au akope anunue hizi za kisasa zisizo na kioo ndani, ambazo wenyewe wanaziita mirolesi? Wapo wanaofikiria kuchukua mkopo wa kikundi, wengine kuuza pikipiki. Hapo mpira umeshageuka kuwa ada ya watoto.

Nimezitumia zote mbili, Kaitaba na Muleba. Ya zamani ni Canon EOS 1300D, iliyotangazwa Machi 2016, miezi michache kabla ya lile tetemeko lililoitikisa Bukoba Septemba 10 mwaka huo. Ukikutana na wapiga picha wanne wa harusi mkoani, mmoja lazima anayo au ana ndugu yake wa karibu. Ya kisasa ni Canon EOS R10 ya mwaka 2022, ya kuazima, ambayo kwa ukoo wa mirolesi ni ya daraja la chini. Nimezichagua makusudi. Kulinganisha 1300D na ile mitambo ya Olimpiki ni kupanga timu ya kata icheze na Al Ahly.

PENALTI MOJA, PICHA NGAPI?

Tuanze na kitu ambacho kila shabiki anakielewa. Penalti ni mita 11. Mpira uliopigwa kwa kasi ya kilomita 90 kwa saa unakwenda mita 25 kwa sekunde, kwa hiyo unafika golini ndani ya sekunde 0.44. Hata nusu sekunde haijafika.

1300D inapiga picha tatu kwa sekunde. Kati ya picha moja na nyingine mpira umeshasafiri mita nane na kidogo. Yaani unapata picha ya mguu unagusa mpira, inayofuata kipa yuko chini na nyavu zinatikisika, au hupati hata hiyo. Pale katikati, mkono umenyooka na mpira uko sentimita chache kutoka kwenye glovu, kamera ilikuwa inapumua.

R10 inapiga 15 kwa sekunde kwa shata ya kawaida. Penalti ileile inakupa picha sita, saba hivi. Mpira unasogea chini ya mita mbili kati ya picha na picha. Hapo kipa hana pa kujificha, na refa naye akiwa ameruhusu goli la mkono, itaonekana.

Sababu ni hicho kioo chenyewe. Ndani ya DSLR kuna kioo kinachorusha taswira juu kwenye kidirisha cha kuchungulia. Kila ukibonyeza, kioo kinapanda, shata inafunguka, kioo kinashuka, na kwa muda ule wewe huoni kitu. Mirolesi imekitoa. Sensa inaona muda wote, na unachokiona kwenye kidirisha ni skrini ndogo.

Lakini kasi si ndiyo inayoua 1300D. Fokasi ndiyo inayoiua. Ile kamera ina pointi tisa tu za fokasi, zimekaa katikati kwa umbo la almasi, na ni moja tu, ya katikati kabisa, yenye nguvu ya kusoma mistari ya wima na ya mlalo. Mshambuliaji akikimbia kukufuata kwa kasi, akahama kidogo tu kutoka pale katikati, fokasi inabaki kwenye mabango. Unarudi nyumbani na picha nzuri sana ya tangazo la soda, huku mfungaji akiwa ukungu.

R10 inamtambua mtu: jicho, uso, kichwa, mwili. Ukishamkamata winga, inamfuata karibu uwanja mzima, hata akienda pembeni mwa fremu. Mara ya kwanza unaona kama uchawi. Canon wamekwenda mbali zaidi kwenye R1 na R5 Mark II za mwaka 2024, ambazo zina mfumo uliofundishwa mpira wa miguu, kikapu na wavu, hadi kamera inajaribu kutambua nani ndiye anayecheza mpira kwa wakati ule. Hizo bei yake tusizitaje hapa, tutaharibu siku za watu.

MULEBA HAINA MABANGO

Sasa twende Muleba, kwa sababu huko mambo yanageuka kidogo.

Ukitoka Bukoba unapita Kemondo na Muhutwe, kamera iko mgongoni, barabara inakupa kona za kutosha. Viwanja vingi vya huko mashabiki wanasimama kwenye mstari wenyewe. Hakuna uzio wala bango. Nyuma ya winga kuna watu 40, bodaboda sita, mama wa karanga, na nyuma yao migomba.

Hapo ule uchawi wa R10 unaanza kujichanganya. Kamera inatafuta uso, na nyuso ziko nyingi. Winga anapita, fokasi inarukia kwa shabiki mwenye fulana ya Arsenal aliyesimama nyuma yake. Dawa ipo: unapunguza eneo la kutafutia hadi kisanduku kidogo, unamchagua mchezaji mwenyewe, unaiambia kamera isiwe na haraka ya kuhama. Lakini lazima ujue hiyo menyu kabla ya filimbi. Aliyezoea 1300D, anayeweka pointi ya katikati kifuani mwa mchezaji na kumfuata kwa mkono, kwenye mazingira yale hapitwi sana kama unavyodhani.

Na kuna vumbi. Kiangazi cha Muleba vumbi jekundu linaingia hadi kwenye soksi. Ukichomoa lenzi kwenye DSLR, sensa imejificha nyuma ya kioo na shata. Kwenye mirolesi nyingi ukichomoa lenzi, sensa hiyo hapo, inakutazama. Punje moja ikikaa, unayo nukta nyeusi angani kwenye kila picha mpaka usafishe. Kanuni yangu kule ni kwamba lenzi inayoingia uwanjani ndiyo inayotoka nayo.

Umeme nao usiusahau. Kwa vipimo vya watengenezaji, betri ya 1300D inatoa picha kama 500, kwa sababu kuchungulia kwenye kioo hakuli umeme. R10 ni kama 350 ukitumia skrini ya nyuma, na zinapungua ukitumia kile kidirisha. Kwenye mechi, kwa vile unapiga mfululizo, zote zinazidi namba hizo. Ila R10 inakula betri hata ukiwa umekaa unasubiri kona. Siku umeme umekatika tangu asubuhi, mwenye betri moja ya mirolesi anacheza kipindi cha kwanza tu.

Halafu hizo 15 kwa sekunde zina gharama yake. Ukishikilia kidole dakika moja tu kwa jumla ya mechi nzima, umerudi na picha 900. Mhariri anataka moja. Kurasa zinafungwa, mtandao unasuasua, na wewe bado unachagua kati ya picha 14 zinazofanana za kichwa kimoja. Waifai zote mbili zinayo, unatuma kwenda kwenye simu na kusukuma mjini.

Wale wanaoshabikia megapikseli nao watulie. 1300D ina 18, R10 ina 24. Picha ya 1300D ina upana wa pikseli 5,184. Ukiichapa kwa pikseli 200 kwa inchi, ambayo kwa karatasi ya gazeti inatosha, inafika sentimita 65. Hakuna gazeti la upana huo. Kwenye simu ndiyo kabisa, hakuna atakayeona tofauti.

MWANGA WA KAGERA

Bukoba ina bahati moja ambayo Dar haina. Iko mbali magharibi, kwa hiyo jua linachelewa kuzama kwa karibu nusu saa kuliko Dar es Salaam. Mechi ya saa 10:00 jioni inaisha kama saa 11:50, na jua linazama karibu saa 1:00 usiku. Dakika za nyongeza bado una mwanga mtamu wa pembeni, ule unaochora jasho usoni. Kwa mwanga huo 1300D inapiga vizuri tu.

Tatizo ni wingu. Bukoba ni kati ya maeneo yenye mvua nyingi nchini, karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na ziwa lipo palepale. Wingu likifunga dakika ya 60, lenzi ya bei rahisi inayofunguka mwisho f/5.6 inakulazimisha kupandisha ISO. Ili mpira na miguu visiwe ukungu unahitaji shata ya sekunde 1/1000, ambapo mpira wa kilomita 90 unasogea sentimita mbili na nusu tu. Kwa 1/250 unasogea sentimita 10, unakuwa kama yai. 1300D ukiifikisha ISO 3200, chengachenga zinaanza kuonekana kwenye jezi nyeusi. Ukienda 6400, naona aibu kuituma. R10 kwenye 6400 bado naituma.

Lakini tazama hesabu hii. Lenzi ya f/2.8 inaingiza mwanga mara nne ya ile ya f/5.6. Lenzi ndogo ya 85mm f/1.8 inaingiza zaidi ya mara tisa. Ukiweka lenzi hiyo ya 85 kwenye 1300D, ukakaa nyuma ya goli ukasubiri ndani ya boksi, ISO 6400 inageuka kuwa 800 na bado una akiba. Hao mashabiki na bodaboda wa Muleba nao wanayeyuka nyuma, anabaki mchezaji peke yake. R10 iliyofungwa lenzi yake ya kununulia nayo haikupi hiyo.

Kwa hiyo, kwa mwenye 1300D anayetaka kukopa, maoni yangu yako wazi: usikope kwa ajili ya bodi. Ilipotoka, 1300D na lenzi yake iliuzwa Marekani dola 549. R10 bodi tupu ilikuwa dola 979, kabla ya usafiri na faida ya muuzaji wa Kariakoo. Kwa fungu hilo tafuta lenzi iliyotumika, 85mm kwanza, ukijaliwa 70-200 ya f/2.8 baadaye. Uzuri ni kwamba lenzi hizo za EF zinakaa kwenye R10 kwa adapta na fokasi inafanya kazi, kwa hiyo siku ukipata mirolesi hujatupa hela.

Ninayemwambia anunue mirolesi sasa ni mmoja tu: anayelipwa kwa video. Madogo wengi siku hizi wanataka klipu kuliko picha. 1300D inarekodi HD, ila fokasi yake kwenye video haimfuati mchezaji, unazungusha kwa mkono na kuomba Mungu. R10 inarekodi 4K na inamfuata. Kama wachezaji wanne wa Muleba wanakulipa kila mwezi uwatengenezee klipu za majaribio, hapo kamera itajilipa. Kama hawakulipi, itabaki kulipwa na wewe.

Tahadhari moja kwa watakaoinunua. R10 ina shata ya kielektroniki, kimya kabisa, picha 23 kwa sekunde. Inavutia. Sensa yake inasoma picha mstari kwa mstari, hivyo mpira wa kasi unatoka umepinda na nguzo ya goli inalala ukiwa unazungusha kamera. Kwenye mpira iweke shata ya kawaida.

Na mvua. Hakuna kati ya hizi mbili iliyozibwa kuhimili maji, na Kaitaba mvua inatoka ziwani bila hodi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, kwa hiyo ule mtindo wa zamani wa kufunika kamera na rambo umekufa. Mimi natumia kofia ya kuogea, zile za gesti. Ina lastiki, inakaa vizuri juu ya 1300D na R10, na mbili zinaingia kwenye mfuko wa shati.