Walivimba miguu, kisa chakula cha kambi

Msomaji, unapoagiza wali mweupe River Road mchana huu, kumbuka yaliyowapata wanajeshi wa Muungano wa Afrika waliokuwa Mogadishu mwaka 2009. Miguu ilivimba, wakatweta, moyo ukawadunda ovyo. Kufikia Mei 2010 walikuwa wameugua 241, na wanne wakafariki. Wengine walisafirishwa kwa ndege hadi hospitali za Kenya na Uganda.

Madaktari walitafuta viini na sumu, wasipate kitu. Ajabu ni kwamba ugonjwa uliwaandama zaidi waliokula chakula cha kambi pekee, bila kuonja cha wenyeji. Hapo ikashukiwa beriberi, yaani upungufu wa vitamini B1. Wagonjwa walipopewa vitamini hiyo walipata nafuu upesi mno.

Wewe hauko vitani, isipokuwa vile vya kugombania matatu jioni. Lakini mchele ukikobolewa hadi ukang'aa, B1 huondoka na pumba, na akiba ya mwilini haidumu ila majuma machache. Mwambie mama wa kibanda akuongezee ndengu au maharagwe. Miguu ikivimba nawe unatweta, usingoje. Nenda hospitalini siku hiyo hiyo.